Shimo Nyuma ya Placide

Falone alifiwa na mumewe siku ya Alhamisi, katika shimo la dhahabu huko Wamaza. Udongo ulishuka mchana, ukamfunika Byamungu na wenzake wawili. Habari zilimfikia akiwa mjini Kasongo kesho yake, na hata maiti hakuiona, maana walikuwa wamekwisha kuzika.

Mwenye shimo aliitwa Placide. Mbele ya wafiwa aliapa kwamba wiki ile yote alikuwa mjini Kabambare, na kwamba marehemu wenyewe waling'oa miti ya kushikilia udongo ili wakaiuze. Watu wakamwamini. Basi Falone akawa mjane wa mwizi. Hata sokoni Kasongo, alikouza picha na kuchapisha barua katika studio ya mzee Abdoul, kuna waliomnyooshea kidole.

Mwaka ukapita. Asubuhi moja Placide akaingia studio. Falone alimjua kwa picha za simu, lakini yeye hakumjua Falone.

"Mama, tuko na uchaguzi wa koperative ya wachimbaji," alisema. "Nataka afishi makumi mbili za kubandika ukutani. Picha ni hii, hakuna ingine ambamo timu yote iko. Nitoleye mambo ya nyuma yote, uweke rangi ya bleu safi. Na hawa watatu wa mbele, toa nao."

"Sababu gani watoke?"

"Walishakufa. Watu hawapendi kuona wafu kwenye afishi."

Picha ikahama kutoka simu yake kwenda kwenye kompyuta. Falone akaifungua, akamkuta Byamungu amechuchumaa mstari wa mbele, anacheka, amevaa shati la kijani alilomshonea yeye mwenyewe. Akatazama nyuma yao. Mdomo wa shimo ulikuwa wazi. Kando yake kulikuwa na rundo la miti iliyong'olewa, bado ina udongo mbichi, na Placide amesimama, mguu mmoja juu ya rundo hilo kama mtu anayeonyesha mali yake. Akatafuta tarehe. Ni Alhamisi ile, saa tatu asubuhi.

"Itakuwa tayari kesho, papa," alisema.

Alifanya kazi aliyoagizwa. Alizungusha mstari kandokando ya kila kichwa, polepole, akikuza picha ili asikate sikio la mtu. Akafuta shimo, akafuta miti. Kisha akafika kwa mumewe. Akabonyeza, Byamungu akatoweka. Akabonyeza kurudisha, Byamungu akarudi akicheka vilevile. Hapo, aliniambia aliponisimulia haya, ndipo huzuni ya mwaka mzima ilipogeuka kuwa kitu kingine, kitu kikali, na akakipenda.

Alichapisha afishi moja safi, yenye bleu. Kumi na tisa akazichapisha kama picha ilivyokuwa, na tarehe akaiandika chini kwa herufi nene. Ile safi akaiweka juu, akafunga zote kwa plastiki kwa ajili ya mvua.

Placide akatazama ya juu tu. "Kazi nzuri, mama."

"Aksanti, papa. Ubarikiwe."

Siku ya uchaguzi Falone alikuwa Wamaza. Alisafiri siku mbili juu ya pikipiki, mgongo ukimuuma, maana alitaka kuuona uso wa Placide. Vijana wa Placide walikuwa wamepewa gundi na amri ya kubandika. Wakabandika kwenye kuta za maduka bila kuuliza. Alipofika Placide mwenyewe, pedeje mwenye shimo, watu walikuwa wamesongamana mbele ya afishi.

Arlette, mjane mwingine wa Alhamisi ile, ndiye aliyeanza. "Placide, ulisema ulikuwa Kabambare. Miti ya shimo letu inafanya nini chini ya mguu yako?"

"Hii ni picha ya ordinateri, ya kompyuta!" alipaza sauti. "Wameichanganya ili waniharibie!"

Falone akapita katikati ya watu, ameshika ile ya bleu aliyoibandua ukutani. "Ya ordinateri ni hii uliyoniagiza. Ile ingine ndiyo uliyonipa. Mimi ni bibi ya Byamungu. Toa simu yako, tuone."

Hakutoa. Wachimbaji wakamzunguka, mmoja akaichomoa mfukoni mwake. Picha ilikuwamo bado, na tarehe yake. Uso wa Placide ulibadilika rangi mbele ya watu wote, na Falone akautazama mpaka akashiba. Kisha pikipiki moja ikamtorosha Placide kabla mawe hayajaanza kurushwa.

Hakuchaguliwa. Sasa ameitwa mahakamani huko Kabambare kujibu kesi. Mzee Abdoul alimfukuza Falone kazi. "Picha ya mteja ni siri ya mteja," alimwambia, wala Falone hakubishana, kwa sababu alijua ni kweli. Siku hizi anapiga picha za harusi peke yake, kwa simu.

Mwezi uliopita Placide alimtuma dada yake, mwanamke mpole, aje kuomba msamaha. Falone alimpa kiti, akampa maji ya kunywa.

"Mwambie kwamba mume wangu aliitwa mwizi mwaka muzima," alisema. "Naye aitwe hivyo mwaka muzima. Kisha arudi, nitafikiri."

Nilimuuliza kama sasa moyo wake umetulia.

"Bado," alijibu. "Kesi iko wiki ijayo. Nitakaa mbele kabisa."