Mmea Uliovaa Tasbihi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa ya Agosti, saa saba mchana, katika nyumba kubwa ya Al Wukair ambayo wenyewe walikuwa wamelikimbia joto na kwenda ng'ambo. Usicheke nikikuita mwanangu. Hapa Doha mtu akiota mvi mbili keshaitwa mzee, na mimi nina zaidi ya mbili.

Nilikuwa mtunza bustani. Ndani alikuwepo Mama Nekesa wa Mbale, Uganda, aliyemwogesha na kumlisha mama yake Madam, mwenye nyumba, mpaka bibi huyo alipofariki. Chumba cha marehemu, kule ghorofani, kiliachwa vilevile: kitanda, kioo, na tasbihi yake ikining'inia kwenye nguzo ya kitanda. Madam alikataa AC izimwe. Kila Alhamisi tulikifukiza bukhoor, ule udi wa kuchoma, ili binti akiingia anuse mama yake. Funguo zilikuwa mbili, mmoja wa Mama Nekesa na mmoja wangu. Kiangazi kile magoti yalimsumbua, ngazi zikamshinda, akaniambia nipande mimi. Aliniamini. Desemba alikuwa aende nyumbani baada ya miaka kumi na mmoja, akamwoze bintiye.

Ibilisi wa mtu ni mtu. Wangu aliitwa Deno, dereva wa jirani, tuliyetoka naye lokesheni moja kule nyumbani. Aliniletea mbegu tatu za bangi kwenye kifuniko cha chupa.

"Buda, hii si ile ya kwetu," aliniambia. "Ni chotara. Damu nyingi ni ya ile ndefu ya nchi za joto, kidogo ni ya ile fupi nene ya milimani. Wewe uko na AC ya bure na mkono wa kupanda. Mimi nitajua pa kuipeleka."

Ningekataa, lakini nilikuwa mtoto wa mkulima aliyechoka kumwagilia nyasi zisizoliwa na ng'ombe. Nikaipanda chumbani kwa marehemu, nyuma ya kabati, chini ya taa ya zambarau aliyoileta Deno. Udi ungeficha harufu. Sikuivuta hata siku moja, na hilo lilinifanya nijione mwema.

Mbili zilikufa. Ya tatu ikapanda. Hiyo chotara, mwanangu, urefu wake hauna adabu: majani membamba kama vidole vya mgonjwa, shina jepesi, ulafi wa mwanga, na maua yanayochelewa mpaka unakata tamaa. Harufu yake ilikuwa ya ganda la chungwa na utomvu wa msonobari. Ilipita kabati, ikainamia kitanda. Nikiigeuzia ukutani, kesho yake naikuta imerudi kule kule. Nilijiambia ni kioo kinachoirudishia mwanga. Labda. Lakini nilianza kubisha hodi kabla ya kufungua ule mlango, na siku moja nikajikuta nimesimama nikingoja kukaribishwa.

Basi, mchana huo wa Agosti, nje jua limewanyamazisha hata ndege, nilifika mlangoni nikasikia tasbihi ikihesabiwa. Tik. Kimya. Tik. Punje moja moja, taratibu, kama mtu mzima asiye na haraka. Nilifungua kwa sababu kukimbia nako kuliniogopesha.

Hapakuwa na mtu. Tawi la juu lilikuwa limekua mpaka likapita katikati ya tasbihi, likaivaa shingoni, na upepo wa AC ulikuwa ukilitikisa. Nilijua ni upepo, na bado miguu ilikataa kuingia.

"Samahani, mama," ilisema sauti nyuma yangu.

Alikuwa Mama Nekesa. Harufu ilikuwa imemfikia jikoni, akapanda ngazi kwa makalio, daraja baada ya daraja. Na hakuwa anasema na mimi. Alikuwa anakiambia kitanda.

Kisha akanigeukia. "Wewe mtoto, funguo za hapa ziko mbili. Polisi ikikuja leo, itafunga nani? Wewe wa juzi, ama mimi ambaye hii chumba iko kwa mikono yangu? Binti yangu atasubiri mama jela?"

Tuliing'oa, tukaikatakata, tukaimaliza chooni. Tasbihi tuliiosha kwa sabuni mara tatu, lakini ule utomvu ulikuwa umeingia kwenye uzi.

Kesho yake Madam alirudi kabla ya siku aliyosema. Alipanda peke yake. Alishuka ameishika tasbihi puani, machozi yanamtoka.

"Nekesa, umechoma nini? Wallahi, hii ni harufu ya mama. Alikuwa anakausha maganda ya machungwa."

Mama Nekesa aliniangalia. Huyu mwanamke alikuwa hajawahi kudanganya hata kuhusu kikombe kilichovunjika. "Ni bukhoor mpya, Madam. Nilinunua sokoni."

Tangu hapo kila Alhamisi Madam alidai bukhoor ile. Mama Nekesa, na magoti yake, alizunguka soko la Souq Waqif duka hadi duka. Mimi nilikausha maganda. Madam alinusa na kusema, "Si hii." Mwishowe akaamini anafichwa, akaanza kufunga kabati zake. Uongo mmoja, na imani ya miaka kumi na mmoja ikaisha. Desemba Madam alimpa Mama Nekesa mkono wa kwaheri mlangoni, akarudi ndani. Nami nilinyamaza, kwa kuogopa jela. Najionea haya mpaka leo.

Nilipomsindikiza uwanja wa ndege, Mama Nekesa aliniambia neno moja: "Niliingia hiyo nyumba na ukweli wangu. Wewe umenitoa bila."

Mwanangu, watakuletea mbegu, iwe bangi au kingine, na watakusifu mkono wako. Usiipande dhambi yako katika chumba ambacho mwenzako ndiye aliyeaminiwa. Mmea niliung'oa mchana mmoja. Kile kilichoota kwenye ulimi wa yule mama sikuweza. Na ukishakosa, sema mapema, kabla mwema hajakusemea uongo.

Mungu akujalie kazi isiyohitaji kufichwa kwa moshi. Akulinde wewe na wanaokuamini. Na kila mlango utakaoufungua hapa, usikutie hofu ya nani aliye ndani.