Sinema Niliyosimuliwa Nikiwa Edani

Nilikaa eda Kibiti, miaka ile mabanda ya video yalipoanza kuota kando ya barabara. Miezi minne na siku kumi sikutoka nje bila dharura, na nilichokitamani, nasema kweli, kilikuwa sinema ya Kihindi. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, akajitolea: yeye atakwenda kutazama, kisha aje kunisimulia.

Alisimulia kwa mwili mzima. Penye wimbo aliizunguka nguzo ya ndani, kanga kichwani, akiimba sauti ya kiume na ya kike mpaka akakohoa. Kihindi hakijui.

"Hapo wanasema nini, wifi?"

"Wanapendana tu, usinikatize!"

Mkanda mmoja ulimchukua siku nne. Kijana alianguka kutoka kwenye treni, akaangukia mpunga. Akaugua, akapona. Akazama mtoni, mamba akamkataa.

"Mamba gani anakataa mtu?"

"Wa Bombei wana adabu. Wa Rufiji ndio walafi."

Siku ya tano jirani alileta kisamvu, akanikuta namsifu yule kijana kwa kupona.

"Nani kapona? Yule si kafa mwanzo kabisa! Tulimzomea mwenye video, tukidhani mkanda kauweka kinyume. Kaapa wallahi ndivyo ulivyotengenezwa."

Wifi alipokuja nikamwuliza. Akainama.

"Nilikuwa naunyoosha. Umeanzia msibani, halafu unarudi nyuma mpaka siku walipoonana. Nikiupanga sawasawa, mwisho anakufa. Sasa nije nikuulie mtu humu ndani?"

Machozi yalikuwa yamemjaa machoni. Aliyekufa alikuwa kaka yake, na mimi sikuwahi kumwuliza hata siku moja yeye analalaje.

"Nisimulie walivyouonyesha," nikasema.

Kijana akafa kwanza. Tukalia sote wawili, na sikuwa namlilia Mhindi. Kisha akaugua, akaoa, akachumbia, akagombana na baba wa binti kwa sababu ya mbuzi, na kila hatua akazidi kuwa mzima na mjinga. Mwisho kabisa anamwona binti kwa mara ya kwanza, anakodoa macho, anakanyaga mavi ya ng'ombe. Wifi akaonyesha alivyokanyaga, akateleza kweli kwenye mkeka, akaanguka chali. Tulicheka kicheko kisichofaa eda.

Mama mkwe akasimama mlangoni. Tukangoja kusutwa.

"Alikanyaga peku au na viatu?"

"Na viatu, mama."

"Afadhali," akasema, akakaa.