Ua Lililovuma Mkononi

Kitu alichokiogopa Drocella Kabatesi kuliko vyote duniani hakikuzidi punje ya mahindi kwa ukubwa. Alizaliwa ukimbizini, Karagwe, upande wa Tanzania. Huko, akiwa msichana wa kuchunga mbuzi, alimwona mdogo wake Ndahiro akikimbia huku kichwa chake kimefunikwa na nyuki. Ndahiro hakufika nyumbani.

Miaka ikapita. Drocella akarudi Rwanda, akaolewa, akafiwa na mume, akabaki na binti yake Umutoni kwenye mteremko wa Nyamyumba, wakilima maboga ya kuuza mpakani. Siku moja nyuki mmoja tu akamuuma shingoni. Koo likaziba, macho yakavimba yakafumba, na alipozinduka alijikuta kituo cha afya. Muuguzi hakumficha.

"Mama, akikuuma mwingine, usingoje hata kuvaa viatu. Kimbia uje."

Tangu siku hiyo usingizi ukampaa. Jirani yake, mzee Gasana, alikuwa na mizinga kwenye mpaka wa mashamba yao, na kila ilipovuma, Drocella alikimbilia ndani. Mwishowe akaenda kumwomba aiondoe. Gasana akaitazama mizinga aliyoichonga kwa mkono wake.

"Bon, sawa," akasema. "Mi siwezi kukaa hapa na woga yako, Mama Umutoni. Nitaipeleka Nyakiriba kwa ndugu yangu."

Msimu uliofuata, maboga yalitambaa vizuri ajabu. Maua ya njano yakajaa shamba zima. Drocella akafurahi, lakini furaha yenyewe haikudumu. Viboga vichanga, vidogo kama kidole gumba, vilianza kugeuka rangi, vikasinyaa, vikaoza nchani, vikadondoka. Akaongeza samadi. Vikadondoka. Akanyunyiza majivu. Vikadondoka bado. Kilichomtia hofu zaidi ni kwamba mahindi na maharage, kwenye udongo uleule, yalikuwa yamestawi. Akaanza kuwatazama wapita njia kwa jicho la shaka. Nani kamfanyia hivi?

Akamwita Gasana aje aone. Mzee akachuchumaa, akachuma maua mawili.

"Udongo yako haina shida. Angalia. Hii ni dume, katikati iko na unga. Hii ni jike, iko na kaboga chini yake. Bila unga ya dume, kaboga inakufa. Lakini dume haina miguu ya kwenda kwa jike."

"Mbona mahindi yamezaa?"

"Mahindi, upepo inabeba unga yake. Haragi inajimalizia yenyewe, ndani ya ua yake. Unga ya boga ni nzito, inanata. Lazima iko mutu wa kuibeba, ama ni bure."

Hakulitaja jina la mbebaji. Drocella alilijua. Nyuki wa porini walikwisha adimika, tangu vichaka vilipofyekwa na viazi vikaanza kupuliziwa dawa. Waliobaki walikuwa wale wa mizinga, na ni yeye aliyewafukuza.

"Basi nitaubeba mimi," akasema.

Gasana akamwonyesha. Chuma ua dume, ng'oa petali zake, kisha paka ule unga kwenye ncha inayonata katikati ya ua jike. Chembe moja ya unga huchomoza mrija mwembamba kuliko uzi, unashuka ndani kulitafuta yai. Vikiungana, ndipo mbegu moja inapoanza. Boga lina mamia ya mbegu. Kwa hiyo ni lazima upake kweli, na upake mapema, kwa maana ua la boga hufunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri limekwisha funga, halifunguki tena.

Kuanzia hapo mama na binti wakawa wanaingia shambani kunapopambazuka. Drocella alijifunga kitenge kichwani, akavaa soksi mikononi. Inzi akipita, anaruka. Jani likimgusa shingo, anapiga kelele. Lakini alipaka.

Asubuhi moja yenye ukungu alichuma ua dume ambalo lilikuwa halijafunguka sawasawa. Likavuma.

Akalishika kwa nguvu, bila kufikiri, petali zikafumbata kilichokuwa ndani. Ndani ya kiganja chake kitu kilikuwa kinajipigapiga, kinatetemesha mifupa ya vidole. Akamwona Ndahiro, na wingu jeusi kichwani.

"Mama! Tupa!" Umutoni alipiga kelele kutoka upande wa pili. "Tupa, ukimbie!"

"Nikitupa atanifuata," akajibu, na sauti yake hata mwenyewe hakuitambua. "Kaa hukohuko. Usisogee!"

Mbele ya goti lake kulikuwa na ua jike, limefunguka wazi. Drocella akainama taratibu. Akalaza mdomo wa ua dume juu ya ua jike, akalegeza vidole kimoja kimoja, akaurudisha mkono nyuma.

Nyuki akatoka. Mwili wote ulikuwa wa njano kwa unga. Akatambaa juu ya ile ncha inayonata, akazunguka, akajisugua, akasimama akijifuta uso. Drocella hakupepesa jicho. Kisha yule mdudu akaruka, akapita karibu na shavu lake, akapotelea kwenye ukungu. Drocella akakaa matopeni, akalia mpaka Umutoni alipokuja kumwinua.

Boga la ua lile lilishika. Na mengine mengi waliyopaka yalishika pia. Lakini maua yaliwazidi wingi, na nusu ya shamba ilioza bila kuzaa. Wanawake wawili hawawezi kazi ya mizinga mizima.

Baada ya mavuno Drocella akabisha hodi kwa Gasana.

"Irudishe mizinga," akasema. "Lakini uiweke mbali, kule chini, nyuma ya kahawa. Jua likipanda na nyuki wakitoka, shambani ataingia Umutoni, si mimi."

"Woga imekwisha?"

"Haijaisha, mzee. Wala haitaisha."

Siku mizinga iliporudi, maboga ya msimu mpya yakiwa yamechanua, Umutoni aliandika kwenye simu namba ya Wellars, dereva wa pikipiki anayekaa karibu, endapo patatokea haja ya kukimbilia kituo cha afya. Drocella akajifungia ndani, akaziba ufa wa dirisha kwa kitambaa, akachungulia kupitia kioo. Kule shambani maua yalikuwa yakitikisika, na upepo haukuwapo.