Tairi Zisizotoboka za Njia ya Makindye

Enzi ya utawala wa askari nilikaa Lukuli, na kazi yangu ilikuwa katika kiwanda cha mbao mjini. Njia yetu ilipanda kilima cha Makindye na kupita mbele kabisa ya lango la kambi ya jeshi. Magari ya abiria yalikuja yakipenda, kwa hiyo nilikwenda kwa baiskeli pamoja na jirani yangu aliyefanya kazi hapo hapo, mtu wa kaskazini ambaye ukuta mmoja tu ulitenganisha chumba chake na changu. Lile lango halikutupenda sote wawili. Mimi nilitoka Kenya, na yeye alitoka katika kabila ambalo wakubwa wa wakati ule walikuwa wamelichukia.

Hapo mbele ya lango barabara ilijaa vipande vya chupa za bia. Askari walikunywa, wakavunja chupa, kisha wakamuuliza raia aliyepata pancha kwa nini amechagua kusimama pale. Mpaka leo nikilikumbuka swali hilo, damu inanichemka.

Sisi wa baiskeli tulikuwa na desturi yetu. Hakuna aliyepita pale peke yake, na mwenzako akitobokewa, unashuka. Watu wawili walioinamia gurudumu, mmoja na pampu na mwingine na kiraka, huonekana ni vibarua wanaorudi kwao. Mtu mmoja aliyesimama pale peke yake ni jasusi. Mimi ndiye niliyetobokewa kwanza, na jirani akashuka. Alishika gurudumu huku akimlalamikia mlinzi, kwa Kiswahili chao cha kambini, kuhusu msimamizi wetu kazini, mpaka mlinzi mwenyewe akacheka. Mimi nilimwaga solusheni, ile gundi ya viraka, kwenye suruali.

Baada ya siku ile nilisema inatosha, lazima tupate tairi zisizotoboka. Jumamosi tukaenda soko la Owino. Tangu Wahindi wafukuzwe, maduka ya baiskeli yalikuwa yamebaki na kengele na vumbi, na tairi zilifichwa chini ya marundo ya nguo kuukuu. Muuzaji alitutolea za aina mbili. Nyingine zilikuwa nyembamba, nyepesi, tamu kupanda nazo kilima, lakini ukizibonyeza kwa kidole gumba unahisi hazina nyama. Halafu kulikuwa na jozi moja tu ya tairi nene, nzito kama mzigo wa mihogo, zenye tabaka mbili za turubai ndani ya mpira. Muuzaji alichukua msumari, akaukandamiza kwa nguvu zake zote, akatuonyesha ncha iliyopinda.

"Hii haitoboki, ssebo," alisema. "Musumali yenyewe inachoka."

Jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzishika zile nene. Naandika hivyo kwa sababu kwa miaka mingi nilisimulia kwamba tulizishika pamoja. Nilianza kumweleza kwamba mimi ni mgeni, kwamba Mkenya akishikwa hana wa kumuulizia, kwamba yeye angalau anajua lugha ya askari. Nilisema kwa haraka, kama wakili, na kila neno lilikuwa na ukweli ndani yake. Alinitazama, akacheka, akanisukumia tairi kifuani.

"Beba wewe, jirani. Mimi iko na ujanja yangu."

Ujanja wake ulikuwa kukata mpira mkuukuu wa ndani na kuutandika katikati ya tairi na mpira mpya. Ulifaa kwa miiba. Kwa chupa haukufaa, na nililijua hilo nilipokuwa nikimsaidia kuutandika.

Majuma kadhaa nilipita juu ya kila kitu. Nilijisifu kazini hadi wenzangu wakachoka. Tairi zilikuwa nzito, magoti yaliniuma, lakini nilipita mbele ya lango nikiwa nimetulia, na jirani nyuma yangu akikwepa kila kinachong'aa.

Jioni moja, jua bado liko juu, nilisikia nyuma yangu mlio ambao kila mwendesha baiskeli anaujua. Kisha nikasikia sauti yake, si kubwa.

"Jirani, ngoja mimi. Pampu iko kwako."

Pampu ilikuwa kwangu, imefungwa kwenye baiskeli. Mbele ya lango siku hiyo hakukuwa na mlinzi mmoja tuliyemzoea. Walikuwa wanne, na gari ambalo buti lake lilikuwa wazi, la aina ile iliyobeba watu wasirudi. Sikugeuka. Ningependa kusema kwamba sikusikia, au kwamba mteremko ulinichukua, lakini pale hakuna mteremko. Nilikanyaga pedali kwa nguvu zangu zote, na zile tairi nzuri zikanifikisha nyumbani bila kupungua upepo.

Hakurudi usiku ule, wala kesho yake. Mkewe alikwenda kuuliza kambini, wakamfukuza. Alikwenda polisi, wakamwambia huenda mumewe amepata mwanamke mwingine. Siku ya tatu alibisha mlangoni kwangu, macho yamevimba, akaniuliza kama tulirudi pamoja siku ile. Nikamwambia kwamba nilitoka kazini mapema, kwa hiyo nilitangulia.

Alikaa kwenye kiti changu. Halafu akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, yeye aliyepotelewa na mume ndiye akanifariji mimi.

"Mungu alikupenda, shemeji," alisema. "Kama ulikuwa na yeye, ulikuwa unashuka, na wao walikuwa wanabeba nyinyi wawili."

Nikasema amina.