Flight time saa moja na nusu, na posa ya mdogo wangu Geita nimeikosa

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta Jumamosi iliyopita, sijaongeza chumvi, na hasira bado ninazo. Nyingi ni za kujikasirikia mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Geita, naishi Dar miaka mingi. Baba hayupo, mimi ndiye mkubwa. Mdogo wangu Kabula kapata mchumba wa Ushetu, na wakwe wakapanga kuleta barua ya posa nyumbani Kalangalala saa sita mchana.

Kwetu wageni wa posa hawagusi chakula mpaka msemaji wa familia awapokee. Msemaji ni mimi, hata baba mdogo haruhusiwi kunishikia nafasi.

Nikaingia mtandaoni kutafuta umbali na flight time. Dar mpaka Mwanza, kama saa moja na nusu. Mpaka uwanja wa Geita, ule ulioko Chato, inaongezeka kidogo. Nikajisemea Chato ni hapo tu, nikakata tiketi ya Chato.

Kabula akanipigia: "Kaka, shukia Mwanza. Siku hizi kuna daraja, hakuna tena kusubiri kivuko."

Wakuu, mimi kichwani bado nina foleni ya kivuko cha Busisi, njia ya Mwanza kwenda Geita. Nikamjibu, "We mtoto, pale nimevuka kabla hujazaliwa."

Ndege ikatua Mwanza saa tatu na nusu. Abiria wa Geita karibu wote wakashuka. Mimi niko dirishani nawacheka.

Tukaambiwa mbele kuna mvua, tusubiri. Tumesubiri mpaka saa sita!

Baba mdogo akapiga: "Uko wapi?"

"Mwanza."

"Sasa si ushuke?"

Nishukeje, na begi lenye suti ya posa liko tumboni mwa ndege?

Chato nimetua saa saba kasoro. Kutafuta gari, halafu Bwanga, halafu Katoro tukakuta gulio, ng'ombe na bodaboda barabara nzima. Umbali wa uwanja kwa uwanja niliukariri. Wa uwanja mpaka nyumbani sikuuangalia hata mara moja. Upuuzi mtupu.

Nimefika saa kumi. Wazee wa watu walikaa tangu saa tano wakitazama masufuria, wakaondoka na barua yao na njaa yao. Wao walikuja kwa barabara, na gari aina ya Noah.

Kabula yuko chumbani na kitenge chake kipya, analia. Nikamwomba samahani, akageukia ukutani. Iliniuma sana.

Nilichojifunza: safari ihesabu kuanzia mlango wako hadi mlango unakokwenda, na wasikilize wanaoishi huko.

Jana baba wa mchumba kapiga. Nikasimama kabisa: "Shikamoo baba."

"Marahaba. Tutarudi tukimaliza kuvuna tumbaku. Ila mwanangu, tunakuomba uje na basi."

Tiketi ya basi nitakata mapema. Kabula bado hapokei simu yangu.

Kama kuna aliyewahi kumkosea mdogo wake hivi, aniambie alianzia wapi.