Kipande Nilichonunua Warwick

Mume wangu alitaka kupikia maji badala ya gesi ya mtungi. Alipowaambia wenzake kwenye duka la simu huko Isipingo, walimcheka hadi akanuna. Alikuwa ameona kwenye video kwamba umeme ukipita majini hutoa hidrojeni, nayo huwaka. Lakini maji matupu hayapitishi umeme vizuri. Lazima utie kitu. Alianza na soda kali ya kuzibulia mabomba. Ilipomuunguza kidole gumba nikaitupa, tukaanza kutafuta kitu cha upole zaidi. Yeye alijaribu, mimi niliandika daftarini: siki, mapovu machache; soda ya kuokea, afadhali; magadi niliyotoka nayo Kenya kwa ajili ya kulainisha maharagwe ya githeri, mapovu mengi kuliko yote.

Magadi yakaisha. Jumamosi moja nikapita kwa wauza mitishamba wa soko la Warwick, nikaona vipande vyeupe vyenye ukijivu kama magadi. Kwetu hununui magadi kabla ya kuyagusa kwa ncha ya ulimi. Lakini kanisa letu la Wakongo lilikuwa katika siku ya pili ya mfungo mkavu, hata maji hatunywi. Nikamuuliza muuzaji kwa Kiingereza kama ni ya kuchemshia maharagwe. Akaitikia kwa kichwa. Nikachukua.

Alasiri mume wangu alijifungia bafuni na jagi lake la kupitishia umeme majini, dirisha kalifunga ili mwenye nyumba asione. Nikiwa jikoni nilisikia harufu ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Sikuwa nimeloweka nguo.

"Baba, unafua?" nikamuuliza mume wangu kwa sauti.

"Hapana. Leo iko mapovu mingi, maman. Mingi sana."

Kisha akakohoa, na kikohozi hakikukatika.

Nilizima umeme kwenye swichi kuu kwanza, kwa kuogopa cheche, ndipo nikausukuma mlango kwa bega hadi kitasa kikang'oka. Macho yaliniwasha. Alikuwa amepiga magoti, ameshika sinki. Nilimburuta hadi uani. Jirani yetu, dada msusi kutoka Bukavu, akatoka na kitana mkononi.

"Shemeji, leo mke amekupikia pilipili gani?" Halafu akaiona midomo yake, ya kijivu, akakimbia kutafuta gari. Mimi nikarudi ndani nimebana pumzi, nikachukua kipande kilichobaki jikoni.

Kwenye kliniki nesi aliuliza amevuta nini.

"Magadi," alijibu kwa taabu. Nesi hakulijua neno hilo. Nami nilikitoa kile kipande, nikakilamba.

Chumvi. Chumvi tupu ya mawe.

"Ni chumvi," nikasema. "Amepitisha umeme kwenye maji ya chumvi."

"Basi amevuta klorini," alisema daktari, akavuta mtungi wa oksijeni karibu. Akanieleza kwamba mapafu yanaweza kujaa maji baada ya saa kadhaa, hata mgonjwa akionekana amepata nafuu. Hataruhusiwa kuondoka, nami niangalie kama pumzi zinazidi kwenda kasi.

Nilikaa kando ya kitanda nikihesabu pumzi zake kwa saa ya ukutani. Ishirini na nane kwa dakika. Mume wangu akaisogeza barakoa ya oksijeni.

"Nisamehe, maman. Nilitia mingi."

Alidhani kosa lilikuwa kipimo chake. Nilitaka kumwambia ni nani aliyenunua bila kuonja, nikaogopa atashtuka, pumzi imwishie. Nikamrudishia barakoa, nikahesabu tena.

Thelathini.