Bolti za Bafuni kwa Mama

Siku ya kwanza nilipomwona mama muuza bolti, alikataa kuniuzia. Mama yangu alikuwa ameteleza bafuni mara mbili, nami nilitaka kumfungia chuma cha kushikia. Nikanyoosha kidole kwenye bolti za kutanuka, zile zinazojibana ndani ya tundu zikikazwa.

"Ukuta ni wa zege au tofali la tundu?" akauliza.

Nikainua mabega tu. Akasonya.

"Mnanichosha nyie. Nenda kautoboe kwanza."

Nyumbani nikatoboa ukuta; keekee ikazama ghafla kwenye uwazi ndani ya tofali. Nikarudi kumweleza kwa sauti ndogo, na kwamba chuma ni cha mama kushikia bafuni.

"Si unaona? Zile ulizotaka ni za zege, zingechomoka na mama wa watu." Akanipa bolti ndefu za kupenya ukuta mzima, na washa pana, vile visahani vya chuma vya kuweka chini ya nati upande wa pili.

Nikaaga.

"Wewe bubu, ning'inia mwenyewe kwanza kwenye hicho chuma. Mama asiguse kabla."